Dakika Tano Nje ya Mlango

Karuba, siku moja kabla ya kuondoa matanga yako

Papa,

Kesho wananipa ng'ombe. Naanza na hilo kwa sababu wewe, mtu akikuzungushia salamu nyingi, ulikuwa unamwambia aweke kwanza mzigo chini ndipo asalimie. Basi mzigo wangu ndio huu. Ndugu zako wamekaa wakapatana, na jana mdogo wako wa Mushaki, yule anayeongea na kila mtu utadhani wote ni viziwi, alikuja hadi mlangoni kuniambia: "Mama Neema, familia yote iko inakushukuru. Ulichunga muzee wetu na daftari." Watanipa mtamba wa Madame, ng'ombe wako mkorofi, yule mweusi mwenye doa kwenye paji la uso, mbele ya watu wote, siku utakapotimiza mwaka tangu ulipotuacha.

Niliinamisha kichwa tu. Alidhani ni adabu, akaondoka ameridhika. Lakini siwezi kuishika kamba ya ng'ombe yule kabla sijakwambia wewe jambo ambalo sijamwambia hata mwanao, mume wangu. Nimekaa kwenye kibanda chako cha jibini, juu ya kiti chako cha kukamulia, naandika kwenye kurasa zilizobaki za daftari lenyewe. Zimebaki nyingi kuliko nilivyofikiri.

Kwanza habari za hapa, najua unazitaka. Tulirudi kutoka Kibua, kule tulikokimbilia vita, wakati watu wanapalilia maharage. Mabati ya kibanda yalikuwa yameng'olewa yote, na rafu zako za mbao, zile ulizokuwa hutaki mtu aziegemee, zilikuwa zimegeuzwa kuni na watu tusiowajua. Sufuria kubwa tuliyoizika nyuma ya zizi tuliikuta salama. Ng'ombe kumi na mmoja wamebaki wanne. Madame yuko, na bado anapiga teke. Wiki iliyopita alimwangusha mwanao na ndoo nzima, nikasikia kicheko chako, nikageuka kabisa kutazama. Neema yuko darasa la tano na anaandika kwa mkono wa kushoto ule ule uliokuwa unamkataza. Mwalimu wake hajali. Nawe usijali.

Jibini nimeanza tena. Kwa maziwa yetu na ya jirani natoa mbili kwa siku, pale tulipokuwa tunatoa nane. Ladha siyo ile yako. Ungeonja, kisha ungesema "Inalika," na mimi ningejua kwamba ni mbaya.

Nakumbuka nilivyofika hapa, msichana wa Kibua, mtu wa mihogo na mvua za msitu, ambaye hajawahi kushika chuchu ya ng'ombe. Mwanao alipenda pikipiki, maziwa hakuyataka hata kuyanusa. Mama mkwe alikuwa ameshatangulia. Ukabaki na mimi, ukanifundisha kwa namna ambayo mtu wa nje angecheka, kwa sababu ya heshima yetu. Baba mkwe na mkamwana wake hawagusani, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na mkamwana halitaji jina la mkwe hata akiwa ndotoni. Kile kisu kirefu cha kukatia maziwa yaliyoganda ulikuwa unakiweka mezani, unarudi nyuma hatua mbili, ndipo mimi nakwenda kukichukua. Kazi hii yote nimejifunza kwa kutazama mgongo wako. Mgongo wako ulikuwa mwalimu mvumilivu kuliko mdomo wako, niache niseme hivyo leo.

Na jina! Tulipofika hospitali ya Goma mara ya kwanza, karani aliuliza mgonjwa anaitwa nani, nawe ulikuwa umekwenda msalani. Nikanyamaza. Akauliza tena kwa Kifaransa, nikanyamaza kwa Kifaransa pia. Mwishowe nikatoa kadi yako ya uchaguzi nikaiweka mbele yake, naye akaanza kunionyesha kwa vidole mahali pa kukaa, akidhani mimi ni bubu. Nilipokusimulia ulicheka njia yote hadi Sake.

Siku hiyo tulikwenda kwa sababu ya ile mitoki ya shingoni, mmoja chini ya taya na miwili midogo pembeni, isiyouma, iliyokuwa inateleza chini ya kidole chako ukiibonyeza. Yule daktari mwanamke, mwenye miwani iliyofungwa na uzi, alikata kipande akakituma mbali kupimwa. Jibu lilikuja baada ya wiki nyingi. Alisema ni saratani ya tezi, akaiita limfoma. Nilijiandaa kusikia atataja siku ngapi zimebaki. Badala yake akasema ni ile aina inayotembea polepole, kwamba wako watu wanaishi nayo miaka bila dawa yoyote, na kwamba kwa sasa hatakupa dawa kali, atakutazama tu. Wewe ulipenda sana neno hilo. "Basi iko sawa na fromaje," ukamwambia, ukimaanisha jibini zetu. "Tunageuza, tunatazama."

Lakini alikuwa hajamaliza. Alisema ugonjwa huu una tabia ya kugeuka. Mtu analala nao miaka, halafu sehemu moja tu ya mwili inabadilika na kuwa saratani kali inayokimbia, wakati sehemu nyingine zimelala vilevile. Nani atageuka na nani hatageuka, hakuna anayejua kwa hakika. Akanipa mimi kazi ya kuchunga, kwa sababu ndimi niliyekuwa na kalamu: homa isiyo ya malaria, jasho linalolowesha shuka, uzito unaoshuka, na zaidi ya yote, "Mama, chunga ile ganglioni itakimbia kuliko zingine," yaani mtoki utakaokua upesi kuliko mingine. Kila miezi mitatu atapima damu, kipo kipimo kimoja kinachopanda ugonjwa unapoamka.

Nilimuuliza: na ukigeuka? Akavua miwani. Akasema wanaogeukiwa hawafanani. Anayewahiwa ugonjwa ukiwa mahali pamoja ana nafasi kubwa kuliko yule ambaye umeshamwenea. Anayekuja kwa miguu yake, bado anafanya kazi zake, si sawa na anayeletwa amebebwa. Kipimo cha damu kikiwa juu sana ni habari mbaya. Na ambaye hajawahi kutumia dawa zile kali, mwili wake una silaha ambayo haijatumika. Hapo alikunyooshea kidole: "Papa, wewe haujakunywa hata moja. Hiyo iko mu faida yako. Tukiona mapema, tutapigana." Ulitoka mle umenyooka utadhani umeshinda uchaguzi.

Hapo ndipo daftari lilipozaliwa. Nililichora mistari kwa kalamu nyekundu: tarehe, homa, uzito kwenye mizani ya maziwa, ukubwa wa mtoki. Kwa kuwa sikuweza kukugusa, ulikuwa unajipima mwenyewe na kile kipimo chetu cha mbao cha kupimia unene wa jibini, unakiweka mezani bila kukisogeza, unarudi hatua mbili, mimi naja kusoma na kuandika. Tulikuwa tunapima mmoja tu, ule wa chini ya taya. Nilipouliza hii mingine je, ukasema: "Pima moja, inatosha. Zimetoka sufuria moja."

Nikakubali mara moja. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi miaka yote. Katika jibini za siku moja tunachukua ile ya mbele ya rafu, tunaibonyeza kwa kidole gumba, tunaigonga, tunaitoboa kidogo, na itakachosema hiyo ni kwa ajili ya zote. Niliona ni akili nyingi, kwamba mwili nao ni sufuria moja. Hatukumwambia daktari kwamba tunapima mmoja, na yeye hakufikiria kuuliza, maana ni nani angefikiria? Alikuwa amesema nichunge utakaokimbia kuliko mingine. Sasa mtu atajuaje nani anakimbia, akiwa anamtazama mmoja tu, tena aliyekaa?

Miezi kumi na tano, Papa. Shingo ile ile, ile ile, ile ile. Nilikuwa nalifungua daftari jioni na kulitazama kwa raha, kama mtu anavyotazama nguo alizofua mwenyewe.

Lakini macho ninayo, na yaliona mambo ambayo daftari halikuwa na mstari wake. Niliona umeacha kukaa kwenye kiti hiki, unakamua umeinama. Niliona unavuta mguu wa kulia ukipanda zizini. Kisha ukaacha mkanda na suruali, ukaanza kujifunga kitenge cha marehemu mama mkwe kiunoni. Ukasema suruali ina joto. Joto, hapa Karuba, ambako tunavaa sweta hata kwenye kiangazi. Nilijua kuna kitu. Sikujua ni nini, lakini nilijua kipo, na kipo mahali ambapo mkamwana hatazami wala haulizi. Ningemwambia mwanao maneno matatu tu, "Mutazame baba yako." Sikumwambia. Shingo ilikuwa ile ile, na nilijificha nyuma ya shingo.

Sasa nafika kwenye chumba cha daktari. Nimezunguka sana, utanisamehe.

Ilikuwa ile safari yetu ya mwisho ya Goma. Daktari alisoma karatasi ya damu mara mbili, akasema kile kipimo kimepanda kidogo. Hakikuwa juu sana, lakini hakikumpendeza. Akakuuliza: "Papa, fasi ingine haiko? Ku kwapa, ku tumbo, huku chini?" Nawe hukumtazama yeye. Ulinitazama mimi, kidogo tu, halafu ukatazama sakafu.

Papa, niliuelewa ule mtazamo. Miaka tisa nimefanya kazi na wewe bila kugusana, unadhani sikujua unapotaka nisogee? Mara zote ndiwe uliyerudi hatua mbili ili mimi nichukue kisu. Siku hiyo ilikuwa zamu yangu kurudi. Mlango ulikuwa nyuma yangu, wazi nusu. Nilichotakiwa kusema ni "Docteur, natoka kidogo." Dakika tano zingetosha.

Sikutoka. Na sababu si heshima, usidhani hivyo, na wala si kwamba nilikuogopea. Wakati ule ule daktari alikuwa amelifungua daftari langu, akageuza kurasa, akasema: "Nani anaandika hivi? Wewe iko infirmière?" Nikataka kusikia zaidi. Mimi, mtoto wa mihogo wa Kibua niliyeishia darasa la sita, daktari wa Goma ananiuliza kama mimi ni muuguzi. Nilibaki ndani kusifiwa. Nilisimama pale nimeshika mikono yangu, namngoja ageuze ukurasa mwingine, na wewe ukamjibu: "Njo ile tu, Docteur," kwamba ni ya shingoni tu.

Akakwambia ulale kitandani akupime tumbo. Ukasema mgongo unauma. Akakugusa shingo, akakugusa kwapa, nje kulikuwa na foleni ndefu. Akachukua kipande kingine pale ulipompa, shingoni. Baada ya siku kadhaa akatupigia simu kwamba kipande ni kile kile cha polepole, lakini tusingoje miezi mitatu, turudi baada ya mwezi mmoja kupima damu tena. Tulichinja kuku. Nikaandika kwa wino mwekundu, na bado linasomeka: MUZURI SANA.

Mwezi haukuisha, vita vikapanda mlima. Unakumbuka tulivyotoka, ng'ombe mbele, sufuria tumeizika, Neema amebeba kuku mmoja aliyebaki. Barabara ya Goma ilikuwa imefungwa, kwa hiyo tukashika njia ya Walikale, mpaka Kibua, kwa wazazi wangu. Hilo nalo lilikuumiza, kwenda kula kwa watu waliokupa mke wa mwanao. Hukukubali kula mbele ya mama yangu hata siku moja. Ulilala kile chumba kidogo nyuma ya jiko, ukasema kinakutosha.

Homa ilianza. Tukakutibu malaria, ikapungua, ikarudi, tukatibu tena, na tena. Kibua kila mtu ana malaria, sikujiuliza. Mama yangu alikuwa anaanika blanketi lako kila asubuhi kwa sababu lilikuwa linalowa, nami nikasema ni joto la chini huku, Papa amezoea baridi. Kipimo cha mbao kilibaki Karuba, lakini niliendelea kuandika kwa kukadiria kwa macho tu: shingo, ile ile. Hata sasa nazigeuza haraka zile kurasa za Kibua.

Halafu ile asubuhi ulishindwa kusimama, mwanao akaenda kukuogesha. Alitoka akakaa kizingitini, sabuni bado mkononi. Nilingoja aseme. Akasema: "Iko na kitu huku chini. Kubwa sawa ngumi." Nikachukua simu, nikapanda ule mlima wa nyuma ya shule unaposhika mtandao, nikampigia daktari. Akaniuliza swali la kwanza: tangu lini? Nikashuka tena kuja kukuuliza, kwa sababu sikuweza kujibu. Ndiyo mara ya kwanza nilikuuliza jambo la mwili wako, kupitia pazia. Ukasema, "Siku ya Goma ilikuwa tayari. Ilikuwa kadogo, sawa haragi." Ukapumzika kidogo, kisha ukasema: "Ulikuwa mu chumba, mwanangu."

Hukusema kwa hasira. Ungesema kwa hasira ningepata pa kushika.

Nikapanda mlima tena. Na hapa, Papa, ndipo kosa langu la pili, ambalo hata wewe hulijui. Daktari alipouliza tena tangu lini, nilimwambia: "Tangu tumefika Kibua." Akasema: "Basi ilikuja mbio, mama. Hakuna muntu angejua. Usijilaumu." Akaendelea kuuliza, anatembea? Nikasema hapana. Tumbo je? Nikasema limevimba. Uzito? Nikasema umeisha. Kila nilipojibu nilikuwa nasikia yale aliyotueleza siku ile amevua miwani, moja moja, yote yaliyokuwa upande wako, yakitoka. Mahali pamoja, miguu yako mwenyewe, kazi zako, damu. Siku ya Goma ulikuwa nayo karibu yote, ulikuwa umefika kwa miguu na haragwe moja chini ya kitenge. Mwisho akauliza kama umeshatumia dawa kali. Nikasema bado. Akasema: "Hiyo tu njo imebaki. Mumulete mbio."

Tulikupakia kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mwanao, mimi nyuma kwenye nyingine na godoro kichwani. Tulifika hospitali ya Walikale. Walikata kipande pale chini, wakakitazama kama walivyoweza, wakasema ugonjwa umegeuka na umeshaenea. Dawa zilikuwa Goma, na sisi tulikuwa upande mwingine wa vita. Siku tisa. Asubuhi ya siku ya tisa muuguzi alikuja kukubadilishia shuka, na mimi, kwa heshima, nikatoka nje bila kuambiwa. Nilisimama kwenye baraza, nikahesabu mbuzi wa mtu waliokuwa wanapita. Alipofungua mlango ulikuwa umekwenda. Siku ya kutoka nilibaki, na siku ya kubaki nikatoka.

Nimekukasirikia pia, nisikufiche. Ulikuwa na mdomo. Ulijua kumwambia mdogo wako jibini yake inanuka miguu, mbele ya padri, lakini ukashindwa kumwambia daktari neno moja. Ungeninong'oneza "Mama Neema, tafuta maji ya kunywa," ningetoka mbio. Miezi mingi nilikaa na hasira hiyo kwa sababu ilikuwa inanipumzisha. Kisha inaisha, nabaki na ule mtazamo wako, na mlango ulio wazi nusu nyuma yangu.

Tulikuzika Kibua, kwenye shamba la baba yangu, karibu na ndizi. Mwanao alisimama akalinyanyua daftari juu, akawaambia watu: "Muone. Mama Neema njo alichunga Papa. Docteur mwenyewe alisema, hakuna muntu angejua." Watu wakanilia mimi. Tangu siku hiyo neno hilo linatembea kwenye familia, hakuna mtu angejua, hakuna mtu angejua, wananipa nalo chakula, wananipa nalo kiti, na kesho wananipa nalo ng'ombe. Kila mtu amelala nalo vizuri isipokuwa mimi. Mwanao hujisemea hivyo hivyo usingizi unapokataa kumchukua, kwa maana anajilaumu eti alipenda pikipiki kuliko baba yake. Nikilitoa neno hilo, namwondolea na yeye mto wake. Ndilo linalonitisha kuliko kukosa ng'ombe. Huenda hatanitazama tena kama anavyonitazama.

Lakini nimeona kitu juzi. Nilikuwa napima jibini za wiki. Ile ya mbele ilikuwa nzuri, imara, nikataka kwenda zangu kama siku zote. Sijui nini kilinirudisha. Nikazibonyeza zote, moja moja. Ya nyuma kabisa ilikuwa imejaa hewa, imevimba, na ilitoka sufuria moja na wenzake. Sasa napima zote. Kazi imekuwa ndefu, na ungekasirika kwamba nakupotezea saa, lakini napima zote, nikianza na ya nyuma.

Na jana mdogo wako, alipokuwa anaondoka, nilimwona ameweka mkono ubavuni, chini ya koti, ameuacha hapo. Nikamuuliza, akasema ni uzee tu. Kama nitapokea kamba ile na kunyamaza, nani katika nyumba hii atajua kwamba uzee tu unaweza kuwa haragwe? Watajua tu kwamba kuna magonjwa ambayo hakuna mtu angejua.

Basi nakuahidi hivi. Kesho wakinileta mbele, kabla mkono wangu haujagusa kamba, nitasema. Nitaanza na chumba, nimalizie na mlima wa Kibua na uongo wangu. Neema atakuwepo, na asikie. Mwanao nitamwambia kwanza, leo hii, kabla hajaenda kutafuta maziwa ya sherehe, ili asilisikie pamoja na wageni. Wakimrudisha mtamba zizini, Madame atafurahi. Na mgonjwa yeyote wa nyumba hii nitakayempeleka kwa daktari, mdogo wako akiwa wa kwanza, nitaweka daftari mezani, nitatoka bila kuambiwa, nitafunga mlango, na nitakaa nje hadi waniite.

Itanibidi pia nilitaje jina lako. Siwezi kusimama kuungama juu ya mtu asiye na jina, na kadi yako ya uchaguzi siwezi kuwainulia watu wote wa Karuba. Nimejaribu asubuhi hii hapa kibandani, mlango umefungwa. Mara ya kwanza halikutoka. Mara ya pili lilitoka, na kupitia ufa wa mbao nikamwona Madame kule zizini akigeuza kichwa.

Lala salama, Bauma. Nimerudi hatua mbili sasa, nimechelewa.

Mkamwana wako,
Mama Neema